Hugo Weaving: adui wa Matrix ambaye kwao wanamjua kwa jukwaa (uzi mrefu kidogo)

Jukwaa la Mbao (mleta mada)

Wakuu, salaam kwenu.

Mwaka 2003 nilikuwa darasa la sita, Ngamiani, Tanga. Kibanda cha video kilikuwa nyuma ya nyumba yetu, na mkanda wa Matrix ulipigwa pale wiki nzima kwa sababu watu walikuwa hawaushibi. Mtafsiri anaongea juu ya picha, watoto tumekaa chini kwenye mkeka, watu wazima kwenye mabenchi. Kibanda kizima kinamshangilia steringi. Mimi nilitoka pale nikimuiga adui: yule wa suti nyeusi na miwani, anayelitamka jina la Anderson polepole kama mtu anayehesabu hela za kulipa deni asilolitaka. Kiingereza sikijui, mtafsiri anapiga kelele juu yake, na bado sauti ile ilipenya.

Ilinichukua miaka kujua jina lake. Hugo Weaving, Mwaustralia. Ilinichukua miaka mingine kujua kwamba kwao, Sydney, watu wanaokwenda maonyesho ya jukwaani wanamtaja kwanza kwa michezo ya Chekhov, Beckett na Shakespeare, ndipo wafike kwenye Matrix.

Naleta uzi huu kwa sababu binafsi. Mimi ni mwigizaji wa jukwaani. Nilisomea Bagamoyo, na mkate wangu unatoka kwenye maonyesho ya mashuleni, matamasha na michezo ya kuelimisha jamii vijijini. Hakuna mwezi unaopita bila ndugu au jirani kuniuliza, "Sasa lini tutakuona kwenye tamthilia?" Anauliza kwa upendo, najua. Lakini ndani ya swali lake jukwaa ni kituo cha daladala: mahali unaposimama ukisubiri gari, na ukizeeka umesimama pale basi ujue umeachwa.

Maisha ya huyu bwana yanasema jambo tofauti kabisa, na nataka kuyaeleza taratibu. Nitakuwa naandika kwa vipande. Anayejua zaidi aongeze.

Jukwaa la Mbao

Tuanze na kuzaliwa, maana wengi hamtaamini. Hugo Weaving ni mzaliwa wa Afrika. Alizaliwa Ibadan, Nigeria, tarehe 4 Aprili 1960, miezi sita kabla Nigeria haijapata uhuru. Wazazi wake walikuwa Waingereza, na baba yake alikuwa mtaalamu wa mitetemo ya ardhi, kwa hiyo familia ilihama kila kazi ilipohama. Utoto wake ulipita Nigeria, Uingereza na Afrika Kusini, na mwaka 1976 wakahamia Sydney. Kijana wa miaka kumi na sita, lafudhi yake haieleweki ni ya wapi, anaingia shule mpya katika nchi mpya. Mimi naamini sikio lake lilinolewa hapo. Mtoto anayehamahama hujifunza kusikiliza watu wanavyotamka kabla hajafungua kinywa.

Akaingia NIDA, taasisi ya taifa ya sanaa za maigizo pale Sydney, akamaliza mwaka 1981.

Mwaka 1984 televisheni ya Australia ikaonyesha tamthilia fupi iitwayo Bodyline, kuhusu ziara ya timu ya kriketi ya Uingereza ya mwaka 1932 na 1933. Katika ziara ile nahodha wa Uingereza, Douglas Jardine, aliwaagiza warushaji wake waelekeze mpira mwilini mwa mpigaji. Waaustralia hawajasahau hadi leo. Jardine kwao ni kama yule refa aliyewanyima penalti, mara mia. Na nani kapewa kumuigiza? Kijana Weaving, miaka mitatu tu tangu atoke chuoni. Kwa hiyo nchi yake mwenyewe ilianza kumtambua kama adui. Lakini alimuigiza Jardine kama mtu, mwenye sababu zake na baridi yake, na ndiyo maana ile kazi inakumbukwa.

Binti Pangani

Kaka, endelea. Nimeshaandaa kahawa. Mimi namjua kama bwana Elrond wa kwenye Lord of the Rings, yule mwenye masikio ya ncha. Kumbe ndiye yule yule wa miwani? Nimekaa hapa nimeduwaa.

Jukwaa la Mbao

Ndiye, dada. Na hiyo ndiyo hoja yangu ya pili, nitaifikia. Kwanza nisimame kwenye filamu moja, maana ndiyo iliyonifanya nianze kumfuatilia.

Inaitwa Proof, ya mwaka 1991, imeongozwa na Jocelyn Moorhouse. Weaving anaigiza Martin, mtu kipofu tangu kuzaliwa, na kazi anayoipenda ni kupiga picha. Ndiyo, kipofu na kamera. Anapiga picha ya kila kitu, kisha anatafuta mtu wa kumweleza kilichomo, anaandika maelezo kwa nukta nundu na kuyabandika nyuma ya picha. Kwa nini? Kwa sababu alipokuwa mdogo mama yake alikuwa akisimama dirishani na kumsimulia bustani ilivyo, na mtoto akashikwa na shaka kwamba mama anamdanganya. Picha ni ushahidi wake. Siku moja, mtu mkweli atamwambia kilichomo, naye ataujua ukweli.

Anayekuja kumsomea picha ni kijana muosha vyombo, Andy, ameigizwa na Russell Crowe kabla dunia haijamjua. Na kuna Celia, mtumishi wa nyumbani anayempenda Martin na kumtesa kwa wakati mmoja, ameigizwa na Geneviève Picot.

Mtazameni Weaving pale. Hageuzi macho hovyo kama waigizaji wengi wanavyofanya wakipewa kipofu. Kila kitu kiko shingoni na kwenye vidole. Mtu akiingia chumbani, anageuza sikio kabla ya uso. Akiogopa, anakuwa mkali. Na ule ukali wake ndio unaokuvunja moyo, kwa sababu unaona ni ngome ya mtoto mdogo.

Nilipoitazama nilikumbuka kibanda chetu cha Ngamiani. Nilipokua na kujifunza Kiingereza nilirudia Matrix, nikagundua mtafsiri wetu alikuwa akitunga karibu nusu ya maneno. Sikukasirika. Lakini nilielewa Martin anaumia wapi: maisha yako yote unategemea mdomo wa mtu mwingine kukueleza kilicho mbele yako, na huna namna ya kuhakiki.

Kwa kazi hiyo alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kiume ya AFI, ambazo ndizo tuzo kubwa za filamu Australia, sasa zinaitwa AACTA. Aliipata tena mwaka 1998 kwa The Interview, na mara ya tatu mwaka 2005 kwa Little Fish. Mara tatu, kwa filamu tatu ambazo hapa kwetu karibu hakuna aliyezitazama.

Mwanamzizima

Mkuu nakuheshimu, ila nikupinge kidogo. Unazungumza kana kwamba Hollywood ni dhambi. Bila Matrix wewe ungemjua? Ungekuwa Ngamiani unatazama filamu ya kipofu wa Melbourne? Umaarufu ndio ulikufikisha kwenye hizo filamu ndogo. Na pesa ya Hollywood ndiyo inayomruhusu mtu kurudi jukwaani bila kulala njaa.

Jukwaa la Mbao

Mkuu, hoja yako ni nzito na sehemu kubwa naikubali. Naye mwenyewe hajawahi kukana Matrix. Alifurahia kazi na wale Wachowski, waongozaji wake, na filamu ilipigwa hapo hapo Sydney mwaka 1998, alikuwa nyumbani. Mazoezi ya mapigano yalikuwa ya miezi chini ya mwalimu wa Hong Kong, Yuen Woo-ping, na Weaving aliumia nyonga hadi akafanyiwa upasuaji. Wakapanga upya ratiba ili apone, halafu akarudi kupiga ile ngumi ya kituo cha treni. Hiyo si kazi ya mtu anayedharau.

Ninachosema ni hiki. Angalia orodha ya kazi zilizompa jina duniani:

Smith, yule adui wa Matrix: macho mara nyingi yamefichwa na miwani. Elrond: nywele ndefu za bandia na masikio ya mpira. V, kwenye V for Vendetta, iliyotoka Marekani mwaka 2006: kinyago mwanzo hadi mwisho, uso wake hauonekani hata sekunde moja. Red Skull, kwenye Captain America ya 2011: akishavua sura ya kibinadamu, kichwa chote kimefunikwa ngozi nyekundu ya bandia. Megatron wa Transformers: ni sauti tu, wala hayupo. Rex, yule mbwa wa kuchunga kondoo kwenye Babe ya mwaka 1995: sauti tena.

Mnaona? Dunia imemjua kwa nyuso zisizo zake. Uso wake wenyewe aliuweka akiba kwa ajili ya kwao.

Kuhusu V kuna jambo linalonigusa kama mtu wa jukwaa. Kazi ile haikuwa yake mwanzoni. Alikuwepo mwigizaji mwingine, James Purefoy, akaondoka upigaji ukiwa umeshaanza, Weaving akaitwa. Fikiria unapewa kinyago kisichosogea. Huna nyusi, huna mdomo, huna macho. Unabaki na sauti, kichwa na mabega. Waigizaji wa vinyago wa Kimakonde wangemwelewa vizuri sana: ukishavaa kinyago, shingo ndiyo inayoongea. Tazama anavyoinamisha kichwa kidogo tu na kinyago kile kile kinaonekana kusikitika.

Nyota ya Kaskazini

Hapo kwenye Megatron niongeze. Yeye mwenyewe alishasema hadharani kwamba ile kazi haikuwa na maana kwake: alisoma mistari yake studio bila kukutana na mwongozaji. Mashabiki walichukia. Mimi nilimheshimu zaidi, kwa sababu ni wachache wanaosema ukweli kuhusu kazi iliyowalipa.

Na Red Skull hakurudi. Kwenye Avengers ya 2018 mhusika yule alirudi lakini aliyemuigiza ni Ross Marquand. Watu wengi hawakugundua, ndiyo faida na hasara ya kuvaa ngozi ya bandia.

Jukwaa la Mbao

Asante sana mkuu. Sasa nifike jukwaani, ambako ndiko nilikokusudia tangu mwanzo.

Sydney kuna kampuni ya maonyesho iitwayo Sydney Theatre Company. Makao yake ni gati la zamani la mizigo pale Walsh Bay, karibu na lile daraja kubwa la bandari. Ghala la bandarini likageuzwa nyumba ya maonyesho, juu ya maji. Kila nikiona picha zake nafikiria maghala yetu ya zamani ya pwani yanavyooza.

Hapo ndipo Weaving alipokuwa akirudi, mwaka baada ya mwaka, hata wakati Hollywood inampigia simu. Mwaka 2004, Elrond ametoka tu kwenye majumba ya sinema ya dunia nzima, yeye yuko jukwaani akiigiza hakimu Brack kwenye Hedda Gabler ya Ibsen, Hedda akiwa Cate Blanchett. Mchezo huo walikuja kuupeleka Brooklyn, New York. Mwaka 2007 akaigiza Riflemind, mchezo wa Andrew Upton ulioongozwa na marehemu Philip Seymour Hoffman. Kisha Blanchett na mumewe Upton wakaichukua kampuni kuiongoza kuanzia 2008, na miaka ile ikawa neema.

Mwaka 2010 walifanya Uncle Vanya ya Chekhov, chini ya mwongozaji wa Kihungari, Tamás Ascher. Richard Roxburgh ndiye Vanya, Blanchett ndiye Yelena, Weaving ndiye daktari Astrov. Mnaoujua mchezo huu mnajua Astrov ni mtego. Ni mlevi, amechoka, anapenda miti kuliko watu, na wanawake wawili wanampenda. Mwigizaji wa kawaida atamfanya mzuri wa sura na mwenye huzuni, basi. Mchezo ule uliwafikisha Washington mwaka 2011 na New York mwaka 2012, na wahakiki wa kule waliandika juu ya kucheka. Watu walicheka kwenye Chekhov! Ascher aliwafanya waanguke, wagongane, waaibike, na uchungu ukaingia kupitia kicheko. Wenzangu wa jukwaani mnajua hiyo ni ngumu kuliko kulia.

Mwaka 2013, Waiting for Godot ya Beckett. Ascher ndiye alikuwa aongoze tena, akaumia, hakuweza kusafiri. Upton akaubeba mchezo. Weaving akawa Vladimir, Roxburgh akawa Estragon. Mwaka 2015 wakaupeleka London, ukumbi wa Barbican. Wanaume wawili, mti mmoja, na mtu wanayemngoja hatokei. Hakuna kinyago, hakuna kompyuta ya kukuzidisha uwe mia moja kama Smith. Kuna wewe na mwenzako na saa mbili na zaidi za kujaza.

Kamusi ya Mtaa

Mleta mada, Macbeth yake je? Nilisoma mahali kwamba watazamaji walikaa jukwaani. Ni kweli?

Jukwaa la Mbao

Kweli kabisa mkuu, mwaka 2014. Mwongozaji Kip Williams, kijana wakati huo. Watazamaji waliwekwa kwenye jukwaa, wakitazama ukumbi mkubwa ulio mtupu, mamia ya viti bila mtu. Waigizaji wanane tu, wakaigiza mbele yao na kuingia hadi kwenye vile viti. Hebu fikirini. Macbeth ameua mfalme ili atawale, na nyuma yake unaona nini? Viti vitupu. Ufalme usio na watu. Sijaiona kwa macho, nimeona picha tu, na bado nililala nikiiwaza. Nimefanya maonyesho kwenye kumbi zilizokuwa tupu kweli, watu kumi na wawili wamekaa mbele na viti mia tatu vinakutazama. Ule utupu una uzito, nawahakikishieni.

Mwaka uliofuata akawa Hamm kwenye Endgame ya Beckett, kipofu kwenye kiti, haruhusiwi kusimama mchezo mzima. Mnaona anavyorudi kwenye upofu? Martin akiwa na miaka thelathini, Hamm akiwa na hamsini na tano.

Mwaka 2018, Arturo Ui ya Brecht, mchezo ulioandikwa mwaka 1941 kumchora Hitler kama jambazi wa Chicago anayeteka biashara ya koliflawa. Ndani yake kuna sehemu ambapo jambazi anamwita mwigizaji mzee amfundishe kutembea, kusimama na kuhutubia. Mtu asiye na kitu anafundishwa kuonekana ana kitu. Williams aliweka kamera jukwaani, uso wa Weaving ukatupwa kwenye skrini kubwa juu, kwa hiyo ukumbi uliona mwili mdogo chini na uso mkubwa juu kwa pamoja. Mwaka 2019, Big Daddy kwenye Cat on a Hot Tin Roof.

Sasa sikilizeni hili. Mwaka 2020 alikuwa London, National Theatre, kwenye The Visit, na Lesley Manville. Ni hadithi ya mwanamke tajiri anayerudi mji wake uliofilisika na kuahidi mamilioni, mradi wamuue mtu aliyemtelekeza ujanani. Weaving ndiye huyo mtu. Wakati huo huo Matrix ya nne inaandaliwa na walimtaka Smith wao. Mazungumzo yalikuwepo. Tarehe zikagongana na mchezo wa jukwaani. Filamu ikaenda bila yeye, Smith akaigizwa na Jonathan Groff. Halafu Machi ikafika, korona ikafunga kumbi zote za London, na The Visit ikakatwa kabla ya siku zake.

Mwingine angesema amekosa kote. Mimi nasema alikuwa ameshachagua, na alichochagua kilikuwa mbao za jukwaa.

Mwanamzizima

Hapa umenigusa mkuu. Nikiri nilikuja kubishana. Ila swali: kwani pesa ya jukwaa Australia inamtosha mtu? Isije ikawa tunawahimiza vijana wetu wafe njaa kwa mfano wa mzungu mwenye akiba ya Hollywood.

Jukwaa la Mbao

Swali la haki. Hapana, sidhani jukwaa peke yake lingemlipa hivyo, na kampuni zile zinapata ruzuku ya serikali, jambo ambalo sisi bado tunaliota. Hollywood ilimpa uhuru. Nisichokubali ni kusema jukwaa ni hobi yake. Angalia filamu zake za kwao na utaona misuli ya jukwaani inavyofanya kazi.

The Interview, kwa mfano. Eddie Fleming, mtu asiye na kazi, polisi wanamvunjia mlango asubuhi na kumkalisha kwenye chumba cha mahojiano. Karibu filamu nzima ni chumba hicho, meza, na askari aliyeigizwa na Tony Martin. Mwanzo anatetemeka, anaomba chakula. Kadiri dakika zinavyosonga unaanza kujiuliza nani anamhoji nani. Hakuna risasi wala gari linalolipuka. Ni watu wawili wanavutana pumzi. Anayeweza hivyo amejifunza mbele ya watu hai wanaokohoa.

Au Little Fish, ambako ni nyota wa zamani wa raga aliyemezwa na heroini, akiwa na Blanchett. Au Hacksaw Ridge ya Mel Gibson, 2016, yule baba mlevi aliyerudi kutoka vita vya kwanza vya dunia bila rafiki zake. Yuko pale muda mfupi tu, lakini ukimaliza filamu ndiye unayebaki naye.

Mtu wa Mahenge

Wakuu habari. Nimepita kimya nikisoma, lakini nimesikia kwamba huyu bwana ana kifafa. Ni kweli au maneno ya mtandaoni? Nauliza kwa sababu ninatoka Mahenge, Morogoro, na wanaojua wanajua ugonjwa huu kwetu ni mkubwa. Nina mdogo wangu anao. Alitolewa kwenye kikundi cha ngoma cha shuleni kwa sababu hiyo.

Jukwaa la Mbao

Ndugu yangu, pole sana kwa mdogo wako. Ni kweli. Aligunduliwa akiwa na miaka kumi na tatu na ameshalizungumzia mwenyewe hadharani. Kwa sababu ya kifafa hakuendesha gari. Alipofika umri wa miaka arobaini na kitu mishtuko ikakoma. Maana yake NIDA, Bodyline, Proof, Matrix na miaka yote ile ya mwanzo jukwaani, alikuwa mtu mwenye kifafa.

Mweleze mdogo wako. Na kama bado yuko kwenye dawa asiache, hata akijisikia mzima. Nikiwa na onyesho upande wa Morogoro nitaandika hapa, umlete.

Mtu wa Mahenge

Nitamwonyesha leo leo. Asante, Mungu akubariki.

Binti Pangani

Jamani nimeguswa. Kaka Jukwaa, kuna filamu yake inayohusu watu wetu huku? Maana alizaliwa Afrika.

Jukwaa la Mbao

Ipo dada, na niliiacha makusudi. Hearts and Bones, imeongozwa na Ben Lawrence, ilitoka kwenye majumba ya sinema mwaka 2020. Weaving ni mpiga picha wa vita anayerudi Sydney akiwa amevunjika ndani. Anafuatwa na mkimbizi kutoka Sudan Kusini, mtu anayejenga maisha mapya na mke wake, ambaye amesikia kuna maonyesho ya picha yanakuja na ndani yake kuna picha za mauaji ya kijijini kwake. Anamwomba asizionyeshe. Mkimbizi huyo ameigizwa na Andrew Luri, ambaye hakuwa mwigizaji kabla ya hapo. Hii ilikuwa filamu yake ya kwanza.

Tazama Weaving anavyomwachia nafasi. Mwigizaji mkubwa akikutana na mgeni wa kazi anaweza kummeza kwa mbinu tu. Yeye anakaa, anasikiliza, anajibu kile anachopewa. Kuna wakati Luri anazungumza na kamera iko kwa Weaving, na unaona kwenye uso wake kwamba maneno yale anayasikia mara ya kwanza. Nimewaonyesha wanafunzi wangu kipande hicho mara nyingi kuliko kingine chochote.

Na bado anaendelea. Mwaka 2024 alirudi kwenye kampuni ile ile ya Sydney na The President ya Thomas Bernhard, wakishirikiana na Gate Theatre ya Dublin. Mwaka huo huo akawa adui tena kwenye msimu wa nne wa tamthilia ya Slow Horses, akiigiza Frank Harkness. Umri miaka sitini na nne.

Kamusi ya Mtaa

Kwa anayeanza, atazame ipi kwanza?

Jukwaa la Mbao

Proof. Ukishindwa kuipata, The Interview. Matrix irudie mwisho kabisa, uone utakavyomsikia tofauti.

Binti Pangani

*(siku nne baadaye)*

Kaka, narudi kutoa mrejesho. Nimeipata Proof. Nimeitazama na mama. Mama yangu ana mtoto wa jicho macho yote mawili, anaona ukungu tu, tunasubiri upasuaji. Kwa hiyo nilikuwa namsimulia kila kitu: sasa amesimama, sasa yule dada anasogeza kiti makusudi ili ajigonge. Mama akawa anamlaani Celia kwa sauti.

Msiotaka kujua mwisho ruka hapa. Pale mwishoni Martin anaitoa ile picha ya kwanza kabisa aliyoipiga utotoni, ya bustani, ambayo hajawahi kumwonyesha mtu. Anampa Andy amwambie kilichomo. Andy anasema kuna mtu anakusanya majani. Yaani mama yake alikuwa anasema kweli siku zote.

Nilimsimulia mama hivyo hivyo. Akanyamaza. Halafu akaniuliza, "Na huyo Martin, uso wake ukoje sasa?"

Nilijaribu kumweleza, nikashindwa. Nikasimamisha picha. Nikamwambia mama, hajafanya kitu chochote, lakini kaondokewa na mzigo. Mama akasema, "Basi nimemwona."

Jukwaa la Mbao

Dada, nimesoma hii nikiwa Muheza kwenye gari, tunakwenda kufanya onyesho shule ya msingi. Nimewasomea wenzangu kwa sauti. Mwambie mama tunamwombea upasuaji uende salama, na siku akifunguliwa macho mrudieni Martin pamoja.

Tumefika. Acha nikasaidie kushusha ngoma.